Nyumba ya kasuku mdogo kwenye baridi ya Mbeya

Juni ikiingia, Mbeya, Iringa na Njombe watu huwaza joto, na tundu la cherero, kasuku mdogo wa kufugwa, huishia jikoni. Tafadhali msimweke huko. Hewa ya jiko la mkaa inayokuuma kichwa wewe humuua yeye kwanza, maana mapafu ya ndege hufyonza kilichomo hewani kwa ufanisi kuliko yetu. Kikaango kisichoshika chakula nacho, kikiungua, hutoa mvuke ambao huuoni, na kasuku hufa ndani ya dakika chache.

Mahali pake ni sebuleni, tundu likiegemea ukuta wa ndani, usawa wa kifua chako, mbali na mlango wa nje. Cherero mzima, mkavu, aliyezoea polepole, huvumilia baridi. Kinachomwangusha ni upepo unaopenya na joto la kupanda na kushuka ghafla. Usiku funika pande tatu kwa shuka la pamba, mbele pabaki wazi. Baridi ikizidi, funga chupa ya maji ya moto kwa taulo uiegemeze nje ya tundu. Usimwachie taa ikiwaka, kwani anahitaji saa 10 hadi 12 za giza.

Kwa jozi moja, mwambie fundi wa kuchomelea sentimita 80 kwa 50, kimo 60. Urefu wa kulala ni muhimu kuliko kimo, kwa kuwa wanaruka kwenda pembeni. Tundu la duara likatae. Nafasi kati ya nondo isizidi milimita 15, kichwa kisije kikanasa. Mlango wa kupandisha utiwe klipu ya chuma. Cherero huunyanyua kwa mdomo.

Waya ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Wayameshi ya kawaida imepakwa zinki, na zinki ni sumu kwa kasuku. Itazame kwa karibu pale waya zinapokutana: kuna vitone vya kijivu vinavyong'aa, na ndivyo anavyovibandua akipanda kwa mdomo. Isugue yote kwa brashi ngumu na siki, suuza, anika. Hiyo hupunguza hatari, haiimalizi. Ukimudu stenlesi, nunua stenlesi.

Fito za kutulia ziwe matawi ya mpera yasiyopigwa dawa, unene wa sentimita 1.2 hadi 2, yakitofautiana. Fito za unene mmoja humtoa vidonda vya nyayo. Mparachichi usiguse kabisa, tawi wala jani. Rungwe na Njombe upo kila boma, na watoto hupenda kumgawia ndege tunda, lakini parachichi huharibu moyo wake. Mpeni ulezi, uwele, mtama, mchicha na karoti. Alizeti iwe kidogo, ina mafuta mengi.

Sakafuni tandika gazeti, ubadilishe kila siku. Maranda yana vumbi. Chombo cha maji kisikae chini ya fito, atakijaza kinyesi.

Cherero wa porini, kama wale wa Ruaha, msinunue. Kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria.

Akijikunyata mchana kutwa manyoya yakiwa yametutumka, akishinda sakafuni, au mkia ukipanda na kushuka kila anapovuta pumzi, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.