Mgema Anayetoa Maji

Mwaka huu wa 2025 Ramadhani imeangukia Machi, na Machi huku Vermont, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, ndio mwezi wa kuchemsha shira ya mepo (maple), mti wa nchi za baridi unaogemwa maji yenye sukari. Kwa hiyo wikendi zangu zote za mfungo zimeishia juu ya karai linalotokota sukari tangu asubuhi hadi magharibi. Mama alinipigia kwa video kutoka Pangani, akaona mvuke umetanda nyuma yangu, akashtuka. "Mwanangu, nyumba inaungua?" Nikamwambia hapana, tunagema miti ya wakwe. Akakaa kimya kidogo. "Mnagema? Na saumu hiyo?" Ilibidi nimwapie kwamba maji haya hayageuki tembo, yakichelewa kuchemshwa yanaharibika tu basi.

Shamba la wakwe zangu liko wilaya ya Franklin, kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Quebec, Kanada. Zamani walifuga ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe wakauzwa, msitu ukabaki, na ndani ya msitu kuna miti ya mepo kama mia sita ya kugema. Upande wa mteremko baba mkwe amekubali mipira ya plastiki, inapita kutoka mti hadi mti na kuteremsha maji yenyewe mpaka kwenye tangi. Miti ya kando ya barabara bado anaitundikia ndoo. Anasema wajukuu lazima wawe na kitu cha kubeba. Mimi nadhani anapenda tu mlio wa matone ya kwanza kwenye ndoo tupu, ila hawezi kukiri.

Nimekulia penye minazi, nikiwaona wagema wakipanda na kibuyu kiunoni asubuhi na jioni. Hapa hakuna kupanda. Unasimama kwenye theluji inayofika magotini, unashika keke usawa wa kifua, unatoboa. Tundu lina upana wa milimita 8 hivi na kina cha sentimita 4 au 5, nalo linainuka kidogo kuelekea ndani ili maji yapate kuteremka nje. Mti ambao haujafika unene wa sentimita 25 hauguswi, na kufika hapo huuchukua kama miaka 40. Kabla ya kutoboa baba mkwe hupapasa gome kwa kidole gumba akitafuta kovu la mwaka jana, la mwaka juzi, na la kabla ya hapo. Tundu jipya huwekwa mbali na makovu hayo. Kisha huangalia unga unaotoka kwenye keke. Ukiwa mweupe kama krimu, mbao iko hai. Ukiwa wa kahawia, umeangukia sehemu iliyokwisha kufa na hapo hupati kitu. Aliniwekea unga huo kiganjani, akaniangalia, akanyamaza. Ndivyo anavyofundisha.

Maji yenyewe hayatoki kwa sababu umetoboa. Yanangoja hali ya hewa. Usiku lazima ugande, chini ya sifuri, mti uvute maji kutoka mizizini. Mchana jua lilegeze barafu, shinikizo lipande ndani ya mti, ndipo matone yaanze. Usiku ukiwa wa vuguvugu, mti hunyamaza. Mchana ukibaki baridi, vivyo hivyo. Kuna siku tulikaa kwenye kibanda cha kuchemshia tukiangalia kipimajoto kama watu wanaosubiri mwezi uandame, na siku nyingine tangi lilifurika kabla hatujamaliza kupasua kuni.

Ukiyaonja mtini, utaapa ni maji ya kunywa ya kawaida. Sukari iliyomo ni kama asilimia 2 tu. Ndiyo maana hutakiwa lita 40 kupata lita moja ya shira. Tundu moja, kwa msimu mzima, huleta takriban kiasi hicho hicho. Yaani mti umekaa miaka 40, umepapaswa, umetobolewa, umebembelezwa na baridi na jua, halafu unakupa chupa moja. Kwetu methali inamsuta mgema kwamba akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema wa huku kazi yake yote ni kuyatoa.

Na kuyatoa kwenyewe ni moto. Karai limegawanywa vichochoro. Maji mabichi yanaingia upande mmoja, yanazunguka polepole yakizidi kuwa mazito na mekundu, yanafika upande wa pili yakiwa shira. Kila baada ya dakika chache unafungua mlango wa jiko na kusukuma kuni. Kina cha maji kikishuka mno, karai linaungua na kila kitu kinaharibika. Povu likipanda hadi ukingoni, unadondosha tone la krimu, na povu lote linakaa chini papo hapo, kana kwamba limekaripiwa.

Kila mtu hapo kibandani anaonja. Shemeji anaonja kwa upawa, binti yangu kwa kidole, mama mkwe kwa kikombe kidogo ambacho rasmi ni cha kahawa. Baada ya saa mbili ndimi zao zote zimekufa kwa utamu na kila mmoja anaapa imeiva. Baba mkwe akaniita. "Simamia wewe," akasema. "Hapa ni wewe tu usiye na tamaa nayo."

Laiti angejua. Saa tisa alasiri, tumbo tupu, mvuke wa sukari ukinilowesha ndevu! Najua masheikh wanamruhusu mpishi mwenye haja kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Sikuithubutu ruhusa hiyo. Ningetema nini, na kwa nguvu zipi? Nikabaki na kipimajoto. Shira huwa tayari ikizidi kiwango cha maji kuchemka kwa nyuzi 4 hivi za selsiasi, na kwa kuwa kiwango hicho hubadilika na hewa ya siku hiyo, asubuhi tulianza kwa kuchemsha maji matupu na kuandika namba ukutani kwa chaki. Kisha unachota kwa upawa mpana, unauinamisha. Ikidondoka tone tone, bado. Matone yakishikana ukingoni na kuteremka kwa pamoja kama pazia, fungua bomba haraka. Mwisho kuna kipimo cha kioo kinachoelea, nacho hakina mjadala: Vermont inataka sukari asilimia 66.9. Ikiwa nyepesi itachacha chupani, ikiwa nzito itaganda vipande. Baba mkwe alisimama nyuma yangu akikagua kila namba, na jioni moja nikageuka nikakuta ameenda zake kulisha kuku.

Jua lilizama karibu saa moja usiku. Tende, maji, sala kwenye kona penye magunia. Nilikuwa nimeumua unga wa kaimati toka adhuhuri, kando ya jiko, mahali pazuri kuliko jiko lolote la nyumbani. Nikakaanga mle mle kibandani na kuzigaragaza kwenye shira ya saa hiyo hiyo. Wao desturi yao ni kumwaga shira ya moto juu ya theluji iliyoshindiliwa, ikavutika kama ubani wa kutafuna, na kuila na donati na matango ya siki. Siki hiyo niliidharau mwanzoni. Inasafisha ulimi, unaweza kuanza upya. Baba mkwe kwa upande wake aliacha donati, akala kaimati mpaka mama mkwe akaihamisha bakuli.

Ni mama mkwe aliyenisimulia kwamba Waabenaki, wenyeji wa ardhi hii, walitengeneza sukari ya mepo kabla ya Wazungu kufika, na kwamba miaka ya 1790 Wakweka, dhehebu la Kikristo, na wapinga utumwa waliipigia debe ili watu waache sukari ya miwa ya visiwa vya Karibi. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, naye alipanda miche ya mepo kwake Monticello mwaka 1791, huku mashamba yake yakilimwa na watumwa. Mama mkwe alilisema hilo bila kuinua macho. Nikamwambia na kwetu bonde la Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Bushiri bin Salim, ambaye shuleni tulifundishwa kama shujaa wa 1888 dhidi ya Wajerumani, alikuwa na shamba lake la miwa pia. Tukaendelea kuchuja. Vitambaa vizito vya sufu vinabaki na tope la madini liitwalo mchanga wa sukari, na kuvifua ni adhabu.

Msimu unafungwa na vichipukizi. Vikianza kufura matawini, maji hubadilika na shira hutoka na harufu mbaya. Mwezi ulipoanza ilikuwa rangi ya dhahabu; mpaka mwisho imekuwa nyeusi kama kahawa, na hiyo ndiyo niipendayo, ijapokuwa wageni wote hununua ya dhahabu.

Chupa moja ya mwanzo ilisafiri na ndugu yetu aliyekwenda nyumbani kwa Idi. Jana mama kapiga simu, kaimati mbele yake. "Shira yenu nzuri, mwanangu. Ila mmesahau iliki."

Nikamfasiria baba mkwe. Akatikisa kichwa kwa uzito kabisa. "Mwambie mama ikitiwa kitu kingine sheria hairuhusu kuiita shira safi ya mepo."

Nikamfikishia mama. "Basi na aiite ya kwangu," akasema, na kuomba chupa mbili mwakani.