Ncha ya pua, ngozi nene na gegedu laini

Pua ikisifiwa huku kwetu huambiwa upanga. Ndiyo maana anayetaka ncha ya pua yake ipungue hudhani daktari atachonga kama seremala: hapa aondoe, pale alainishe, basi. Lakini pua wanayoishughulikia kila siku madaktari wa Korea Kusini, Japani na Thailand, yenye ngozi nene, gegedu dogo na laini, na nguzo fupi baina ya matundu, ikichongwa tu huharibika. Na pua nyingi za Unguja na Pemba zina ngozi nene vilevile.

Chukua turubai zito ulitandaze juu ya vijiti viwili vya mwanzi. Ukivikwangua vijiti ili turubai lichongoke, litabonyea. Ngozi ya ncha ndilo turubai, na vijiti ni magegedu mawili yaliyojipinda, moja kila upande. Ngozi nene huchongoka ikisukumwa kutoka ndani na kitu kigumu mpaka ikaze.

Kwa kawaida daktari hukata mkato mdogo kwenye nguzo, akaifunua ngozi kuelekea juu aone kila kitu kwa macho. Ukingo wa juu wa kila gegedu hupunguzwa, ubaki mkanda wa milimita 6 hadi 8. Ukipunguzwa zaidi ya hapo, miezi ya baadaye mbawa za pua huingia ndani, na mtu akivuta pumzi kwa nguvu tundu hujifunga. Kisha vilele vya magegedu husogezwa pamoja na kushonwa kwa uzi mwembamba. Mwenye ngozi nyembamba na gegedu gumu aweza kuishia hapo. Mwenye ngozi nene, uzi peke yake haumfai: ngozi hulemea, ncha ikashuka tena.

Kwa hiyo huwekwa nguzo ya ziada. Ya kwanza ni kijiti cha gegedu kinachoingizwa baina ya matundu. Kinazuia ncha isishuke, ila hakiipandishi sana. Ya pili, na nionavyo ndiyo yenye kazi hasa, ni kipande kinachoshonwa kwenye ukuta wa kati wa pua na kuurefusha, ncha ikafungwa juu yake. Daktari huamua mwenyewe ncha isimame wapi na itazame wapi. Gharama yake ni ncha ngumu isiyopinda ukiibonyeza, na kipande kikikaa upande hata kidogo, ncha yote huenda upande.

Gegedu lenyewe latoka wapi? La ukuta wa kati ni zuri kwa kuwa limenyooka, lakini kwenye pua hizi huwa dogo, na lazima ubaki mkanda wa takriban milimita 10 juu na mbele, la sivyo mwamba wa pua hudidimia. La sikio ni laini na limepinda. Lafaa kuvikwa juu ya ncha kama kofia, halifai kuwa nguzo mpaka liwekwe mawili pamoja. La ubavu, wa 6 au wa 7, ni jingi na gumu, ila laweza kupinda baadaye, na kulitoa kuna hatari ndogo ya kutoboa utando wa pafu. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna jambo jingine: keloidi, yaani kovu linaloota na kuwa nundu, hupenda sikio na kifua kuliko kovu la pua. Kama tundu la hereni liliwahi kukuotea nundu, mwambie daktari kabla hajachagua pa kuchukua.

Mafuta chini ya ngozi ya ncha hupunguzwa, lakini ya tabaka la ndani tu. Mishipa inayolisha ngozi imepita karibu na uso. Ikikatwa ngozi huwa nyeusi na kufa.

Kuna wanaopandikiza kipande cha silikoni badala ya gegedu. Silikoni yenye umbo la L, inayofika mpaka kwenye ncha, siipendi hata kidogo. Husukuma ngozi siku zote, na hata baada ya miaka yaweza kutokeza nje. Ncha ikianza kuwa nyekundu, nyembamba na ya kung'aa, nenda siku hiyohiyo. Anayetaka silikoni, basi iishie kwenye mwamba, ncha ipewe gegedu. Sindano za kujaza pua bila upasuaji nazo zikiingia kwenye mshipa huua ngozi, au hupofusha jicho.

Kupunguza mbawa huachwa mwisho, kwani ncha ikipanda matundu hubadilika, na nyama iliyokatwa hairudi.

Wiki 2 kabla ya upasuaji, acha aspirini, ibuprofeni na vidonge vya kitunguu thomu. Sigara wiki 4. Sijda huweka pua chini na kichwa chini ya moyo, na katika wiki za mwanzo hilo huleta damu, basi sali kwa ishara. Namna ya kutawadha penye bandeji, bila kupandisha maji puani, muulize sheikhe kabla ya upasuaji. Nyuzi hutolewa siku ya 5 hadi ya 7. Kuzamia baharini subiri mpaka daktari aruhusu.

Uvimbe wa ngozi nene huchukua mwaka au zaidi, na asubuhi pua huonekana nene kuliko jioni. Ukibaki juu ya ncha, daktari aweza kuchoma sindano ya triamsinoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, kidogo kidogo. Ikizidi, ngozi hukonda na kuacha kishimo. Anayekuahidi kuirekebisha pua upya mwezi wa 3 anaupasua uvimbe.