Barua ya Alhamisi

Shule yetu ni ndogo, ya binafsi, hapa Lamu upande wa Langoni. Kila gredi ina darasa moja tu. Kwa kuwa nafundisha lugha, kazi ya kuwaandikia wazazi habari za shule iliniangukia mimi. Kila mwisho wa mwezi nilitoa kurasa nne za Kiingereza: mashindano, karo, ziara, neno la mwalimu mkuu. Watoto walizitia mikobani, na wiki iliyofuata nilizikuta humo humo zimekunjika vile vile.

Aliyenizindua ni bibi mmoja. Alifika asubuhi kabla ya kengele, ameshika ripoti ya mjukuu wake wa gredi ya nne. Sabalkheri, nikamwitikia, nikampa kiti. Hakukaa.

"Mwalimu, niambie kweli. Mtoto wangu yuko mbali. Mbali wapi?"

Jirani alikuwa amemsomea neno lililoandikwa kwenye Hisabati: mbali na matarajio. Usiku kucha hakulala. Wanawe aliwasomesha enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na alama zile za 500 alizielewa vizuri: fulani kapata 310, fulani kawa wa tano. Hizi daraja nne za mtaala mpya, kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia na mbali, hakuna aliyemfungulia maana yake. Mimi nilidhani nimeshaeleza. Nilieleza ndiyo, ukurasa wa tatu, kwa lugha asiyoisoma.

Niliona haya, na haya ile sijaisahau.

Nilimwendea mwalimu mkuu nikamwomba barua iwe ya Kiswahili, ukurasa mmoja, itoke kila Alhamisi. Alisita, na hoja yake ilikuwa na uzito. Wazazi wengi hutulipa ili watoto wao wajue Kiingereza. Wakipokea barua ya Kiswahili watasema shule imeshuka. Nikamwambia Kiingereza ni cha darasani, barua ni ya mzazi. Akanipa muhula mmoja.

Alhamisi niliichagua kwa sababu ya Ijumaa. Wanaume wakitoka msikitini adhuhuri hukaa barazani, na karatasi ikiwepo nyumbani huchukuliwa ikasomwa. Kwa wasiosoma, wanafunzi wawili wa gredi ya sita waliisoma kwa sauti, tukairekodi na kuituma kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Hapo nilijifunza jambo: sentensi iliyomkwaza mtoto kuisoma, mimi ndiye niliyeiandika vibaya. Nikawa naifuta.

Hata hivyo zile daraja nne bado zilinishinda. Nilizieleza mara mbili, na mara zote mbili wazazi waliniuliza, "Sasa amekuwa nambari ngapi?"

Jibu nililikuta Matondoni. Tulikuwa tumewapeleka gredi ya tano kwa mashua kuona majahazi yakiundwa. Fundi mkuu, mzee wa makamo ya babu yangu, alikuwa akimwangalia kijana akikalafati, akisukuma pamba iliyolowa mafuta baina ya mbao. Nikamuuliza kijana yule amefikia wapi.

"Msumari anautia vyema," akasema. "Mbao anaipima. Kalafati bado, mkono wake una haraka. Atakaa hapa hapa mpaka utulie, kisha nitampa mataruma, zile mbavu za chombo."

Hakutaja nambari. Wala hakusema kijana ni hodari au mjinga. Alisema anachokiweza, kinachomtatiza, sababu yake, na kazi itakayofuata. Nilisimama pale mchangani moyo ukinienda mbio, kwa sababu ndiyo tathmini ambayo sisi walimu tumeketishwa semina nzima kufundishwa, na wazee wa hapa wamekuwa wakiifanya bila fomu.

Alhamisi ile niliyaandika maneno ya fundi kama alivyoyasema, kwa ruhusa yake. Chini yake nikaeleza kuwa ripoti zetu nazo zitasomeka hivyo. Walimu wenzangu walinung'unika, na ni haki yao, maana kuandika mistari mitatu kwa kila mtoto katika kila somo kunakula jioni nyingi. Tulipatana tuanze na Hisabati na Kiswahili tu. Mpaka leo hatujavuka hapo.

Ripoti ya yule mjukuu niliiandika upya mwenyewe: anajumlisha na kutoa bila shida, kuzidisha kunamtatiza zinapofika tarakimu mbili, kwa kuwa anasahau kubeba, muhula huu tutakaa hapo.

Siku ya pili nilipata ujumbe wa sauti kutoka kwa bibi. Ulikuwa mrefu, na nyuma yake mafuta yakisikika yakichacharika. Alisema mtoto huyo ndiye anayemuuzia mahamri alfajiri. Mtu akitaka kumi na mawili, ya shilingi kumi kumi, mtoto huitoa bei kabla bibi hajafunga karatasi. "Kwa hivyo kichwa anacho, mwalimu. Muulize kwa mahamri."

Jumatatu nilimpa mwalimu wa Hisabati ujumbe ule ausikilize. Akaingia darasani akaandika ubaoni: mahamri 12, kila moja shilingi 15. Mtoto akawa wa kwanza kunyosha mkono.