Mbu hawafuati damu tamu

Mdogo wangu amerudi kwa mama, hapa Ngamiani, mjini Tanga, kuja kujifungua mimba yake ya kwanza kama ilivyo desturi yetu, na tangu afike jioni zetu zote zinapita kwenye kibaraza cha mbele, kwa sababu ndani ni joto na upepo wa bahari ukichelewa hakuna anayepata usingizi. Ijumaa iliyopita tulikaa watatu kwenye mkeka mmoja, yeye katikati, mama kuliani kwake na mimi kushoto, tukichagua mchele wa kesho yake. Kabla ya adhana ya isha miguu yake ilikuwa imejaa vipele kuanzia vidoleni hadi chini kidogo ya goti. Kwangu nilihesabu viwili, na mama alisema yeye hakuguswa kabisa. Shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni akipuliza chetezo cha makumbi ya nazi ili moshi ufukuze mbu, alitoa hukumu ambayo nimeisikia tangu utotoni: "Huyo mwacheni tu, damu yake tamu tangu mdogo."

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na swali hili wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka tunapofika kwenye mada ya malaria, lakini sikuwahi kulitazama kwa uzito niliokuwa nao usiku ule, nikimtazama mdogo wangu, mwenye mimba ya miezi saba, akijikuna hadi ngozi ikachubuka. Imani ya damu tamu ina mizizi mirefu kwetu, na hata lugha yenyewe inaibeba, kwani mtu anayechukiwa na watu bila sababu tunasema ana damu ya kunguni, kana kwamba kila kinachomvutia au kumfukuza kiumbe mwingine lazima kiwe ndani ya mishipa. Ila mbu hawezi kuionja damu kabla hajatoboa ngozi. Anapofika mguuni amekwisha kuchagua, na uchaguzi huo ameufanya akiwa mbali, gizani, kwa kunusa.

Anayeuma ni jike peke yake. Dume huishi kwa maji matamu ya maua na mimea, na jike naye hula hivyo hivyo, isipokuwa anapohitaji protini ya damu ili mayai yake yakomae. Dalili ya kwanza inayomwambia kwamba kuna kiumbe jirani ni hewa ya ukaa tunayoitoa tunapopumua, ambayo anaweza kuitambua akiwa umbali wa makumi ya mita, na akiisha kuinasa huifuata kinyume cha upepo, akiyumba huku na huku kila harufu inapokatika. Ndiyo maana mtu mwenye mwili mkubwa, anayetoa pumzi nyingi zaidi, huwavutia mbu kuliko mtoto mdogo aliyelala kando yake. Akikaribia, mambo mengine huingia: harufu ya ngozi, joto la mwili, unyevunyevu wa jasho, na hata rangi nzito ya nguo inayoonekana vizuri zaidi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa.

Katika hayo yote, harufu ya ngozi ndiyo inayowatenganisha watu zaidi. Jasho jipya lenyewe halina harufu kubwa. Bakteria wanaoishi juu ya ngozi ya kila mmoja wetu ndio wanaolivunjavunja, pamoja na mafuta ya ngozi, na kutoa mchanganyiko wa asidi ya laktiki, amonia na asidi nyingine nyingi za mafuta, na mchanganyiko huo haufanani kwa watu wawili. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Kiholanzi, Bart Knols, alionyesha pamoja na wenzake kwamba anofelesi wa Afrika, yaani mbu waenezao malaria, hupenda kuuma miguuni na kwenye vifundo, na kwamba miguu ikioshwa kwa sabuni ya kuua bakteria, mahali mbu wanapouma hubadilika. Watafiti wengine wa huko huko Uholanzi waligundua baadaye, mwaka 2011, kwamba wanaume wenye bakteria wengi wa aina chache ngozini huwavutia anofelesi kuliko wenye bakteria wa aina nyingi mchanganyiko.

Hapa naomba msomaji asinielewe vibaya, kwa maana nimewahi kuwaona wasichana wakichekwa bwenini kwamba mbu wanawafuata kwa sababu hawaogi. Huo ni uonevu. Bakteria hawa hawatokani na uchafu, na hakuna mwanadamu asiye nao. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya na watu 64 waliovaa soksi za nailoni mikononi ili zinyonye harufu yao, kisha soksi hizo zikashindanishwa mbele ya mbu aina ya aedesi, wale wanaoeneza homa ya dengue. Harufu ya mtu mmoja iliwavuta mbu kwa kiasi cha mara mia moja zaidi ya ile ya waliovutia kidogo kuliko wote, na waliovutia sana walikuwa na asidi za kaboksili, kundi ambamo zimo zile asidi za mafuta, nyingi zaidi ngozini. Lililonigusa zaidi ni kwamba walipopimwa tena baada ya muda mrefu, wengine baada ya miaka, hali haikubadilika: aliyefuatwa na mbu mwanzoni aliendelea kufuatwa, japokuwa katika kipindi hicho alikuwa amekula vyakula mbalimbali na kuoga kwa sabuni mbalimbali. Kuna pia utafiti wa London wa mwaka 2015 uliowahusisha mapacha, ambapo mapacha wa kufanana walivutia mbu kwa viwango vilivyokaribiana kuliko mapacha wasiofanana, ishara kwamba sehemu ya jambo hili tunazaliwa nayo kama tunavyozaliwa na kimo. Shangazi basi hakukosea aliposema "tangu mdogo". Kosa lilikuwa kwenye neno damu.

Wala hatuna haja ya kwenda ng'ambo kutafuta ushahidi kwamba harufu ndiyo kiini. Hapa Tanzania, katika Taasisi ya Afya ya Ifakara, Fredros Okumu na wenzake walichanganya hewa ya ukaa, amonia na asidi kadhaa kwa vipimo maalumu, wakapata harufu ya kutengeneza inayoiga ya mwanadamu. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010, kibanda chenye harufu hiyo kilivuta mbu mara tatu hadi tano zaidi ya kibanda kingine alimolala mtu. Lakini mtu na harufu ile walipowekwa ndani ya kibanda kimoja, bandia ile haikumshinda tena, nami naona sababu yake ni kwamba kwa karibu mwili hai una joto na unyevu ambao chupa haina.

Kuhusu vyakula sitakawia. Vitunguu saumu na vidonge vya vitamini B, ambavyo watu humeza kwa matumaini makubwa, vimejaribiwa na havikuonyesha kinga yoyote. Suala la kundi la damu limeleta majibu yanayopingana, nami simfundishi mwanafunzi kwamba mwenye kundi O ndiye chakula cha mbu. Pombe ina ushahidi wake: huko Burkina Faso wanaume waliokunywa pombe ya mtama walivuta anofelesi zaidi kuliko walipokuwa hawajanywa, na waliokunywa maji hawakubadilika.

Ninalotaka kulikalia zaidi ni la mdogo wangu. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa nchini Gambia, ambako wanawake wajawazito walilazwa katika vibanda sawa na wanawake wasio na mimba, na asubuhi mbu wakahesabiwa. Wajawazito walivuta anofelesi mara mbili ya wenzao. Walipopimwa ilionekana kwamba katika miezi ya mwisho mjamzito hutoa pumzi nyingi zaidi kwa asilimia 21, na tumbo lake lina joto zaidi kwa takriban nyuzi 0.7, tofauti ambayo mkono wa mkunga hauwezi kuihisi lakini mbu anaihisi. Waliongeza pia kwamba wajawazito huamka usiku kwenda haja mara nyingi kuliko wengine, na kila wanapoamka hutoka nje ya chandarua.

Sasa ukumbuke kwamba mwili wa mjamzito, hasa wa mimba ya kwanza, hupungukiwa na ile kinga ambayo watu wazima wa pwani tumeijenga kwa kuugua tangu utotoni. Vimelea vya malaria hujikusanya kwenye kondo la nyuma, mama akaishiwa damu bila hata kupata homa kali, na mtoto akazaliwa na uzito mdogo. Kwa hiyo yule anayefuatwa zaidi ndiye yule yule ambaye malaria itamwumiza zaidi. Nilipolifikiri hili nililala vibaya.

Mama naye nilimwambia, kwa adabu, kwamba si kweli kuwa haumwi. Asubuhi ya Jumamosi niliingia chumbani kwake na tochi, nikaelekeza mwanga kwenye ukuta juu ya kichwa cha kitanda, nikakuta mbu watano wametulia. Watatu matumbo yao yalikuwa yamevimba, mekundu karibu na weusi, mazito kiasi kwamba nilipowasogelea waliruka mita moja tu wakatua tena. Wawili kati yao walikuwa wamebinua mkia juu kama msumari uliopigwa ukutani kwa mshazari, mkao ambao ni alama ya anofelesi, na mmoja alilala sambamba na ukuta kama mbu aina ya kuleksi wanavyokaa. Mama alilala peke yake chumbani humo. Damu ile ilikuwa yake. Kipele si jino la mbu, ni jibu la mwili wetu dhidi ya mate anayoyaingiza ili damu isigande, na mtu aliyeumwa kwa miaka mingi mwili wake huweza kuzoea mate hayo hadi ukaacha kuvimba. Vipele vinahesabu miwasho, havihesabu mbu. Huenda jioni ile mkekani mama aliumwa kama mimi, au zaidi yangu.

Jambo moja zaidi, kwa wenye watoto wadogo. Magharibi ya Kenya, watafiti walionyesha mwaka 2005 kwamba watoto waliobeba vimelea vya malaria vilivyo tayari kuhamia kwa mbu waliwavutia anofelesi karibu mara mbili ya watoto wengine, na walipotibiwa wakapona, mvuto huo wa ziada ulitoweka. Ukiona mbu wameanza kumwandama mtoto ghafla hutakuwa umepata uhakika wa ugonjwa, lakini ukimtibu mgonjwa kwa dozi kamili umewakinga na wote wanaolala naye nyumba moja.

Mbu wa kibarazani saa za jioni kwa sehemu kubwa ni kuleksi, wazaliwa wa makaro na vyoo vyetu vya shimo, ambao nao wana ubaya wao, maana ndio walioeneza matende na mabusha katika mwambao huu. Anofelesi huja hasa usiku wa manane, mtu akiwa amelala fofofo. Nilimuuliza mdogo wangu chandarua alichopewa kliniki alipoanza kuhudhuria kiko wapi. Kilikuwa juu ya kabati, kwenye mfuko wake, hakijafunguliwa, kwa sababu yeye na mama walikubaliana kukitunza kwa ajili ya mtoto. Nimekutana na jambo hili katika nyumba nyingi na silioni kuwa ujinga, ni mapenzi. Lakini mtoto huyo yupo tayari, na anakula kwa damu ya mama yake. Ilifaa wakumbuke pia kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa vilijaribiwa hapa hapa mkoani kwetu, katika vijiji vya Muheza, miaka ya 1980, kabla dunia haijavikubali.

Tulikifungua, tukakianika kivulini mchana kutwa ili harufu ya dawa ipungue, na jioni nilipigilia misumari minne na kukifunga kwa kamba ya katani juu ya kitanda chake, pindo tukalichomeka chini ya godoro pande zote. Alfajiri nilipopita na tochi palikuwa na anofelesi mmoja amekufa sakafuni, tumbo lake jembamba, tupu. Mama alikuja nyuma yangu, akamtazama, kisha akaniuliza kama kamba imebaki.