Utitiri wa Nyoka: Wiki Sita za Kumtibu Shaba

Mwezi wa Oktoba hapa Dodoma jua huwaka mpaka ukuta wa tofali hubaki na joto hata baada ya magharibi, na kwa sababu hiyo Shaba alipoanza kushinda ndani ya bakuli lake la maji, amejikunja na kuacha pua tu juu, sikushtuka. Nilidhani anajipoza. Shaba ni jike la nyoka wa nyumbani, yule wa kahawia mwenye michirizi ya rangi ya maziwa pande zote mbili za kichwa, asiye na sumu, ambaye watu wengi humuua wanapomkuta stoo ilhali amefuata panya. Ninamtunza kwa kibali pamoja na chatu mchanga, kwa ajili ya masomo ninayotoa kwa wanafunzi. Kibali nakitaja mapema kwa sababu Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuokota nyoka porini na kumweka chumbani kwa kupenda tu, na anayefuga kwa siri ndiye huogopa kumwita daktari wakati mnyama anapougua.

Siku ya tatu nilimtoa Shaba majini na kumpitisha taratibu ndani ya kitambaa cheupe chenye unyevu. Kitambaa kilibaki na vidoa vyeusi kama chembe za ulezi, tena vidogo kuliko ulezi, na baada ya muda mfupi vidoa viwili vikaanza kutembea. Nilikiminya kimoja kwa ukucha, kikaacha doa jekundu la damu. Nilichukua tochi na kuangalia chini ya kidevu chake, penye ule mfereji kati ya magamba, nikawaona wamebanana mle. Wengine walikuwa wamejipenyeza pembezoni mwa jicho, kati ya jicho na magamba yanayolizunguka, hata jicho lilionekana limevimba. Mgongoni alikuwa na vumbi jeupe kama majivu yaliyopeperushwa, na hicho kilikuwa kinyesi chao.

Jirani yangu, bibi wa Kigogo anayefuga kuku wa kienyeji, alikuja asubuhi ile na salamu yake ya kila siku, "Mbukwa, mwanangu," akakitazama kitambaa na kusema bila kusita, "Huo ni utitiri." Hakukosea jina, kwa kuwa wadudu hawa ni ndugu wa karibu wa utitiri wa kuku, wanaofanana nao kwa umbo na kwa tabia ya kunyonya damu na kisha kwenda kujificha nyufani. Hata hivyo utitiri wa nyoka ni aina yake yenyewe, ambayo wanasayansi wanaiita Ophionyssus natricis, na makao yake ni nyoka na baadhi ya mijusi. Humuuma binadamu pia akikosa mwenyeji wake. Vipele vyekundu vilivyonitokea kwenye viganja na kwenye kiwiko juma lile vilitokana naye.

Ilinibidi nijiulize umeingilia wapi. Wiki tano kabla ya hapo nilikuwa nimepokea sanduku la mbao lililotumika, kutoka kwa mtu aliyeacha kufuga, nikalifuta kwa kitambaa kikavu na kumwekea Shaba ndani yake kama maficho. Sanduku la mbao lina nyufa, na nyufa ndizo nyumba ya utitiri.

Hapa naomba nieleze maisha ya mdudu huyu kwa kirefu kidogo, kwa kuwa asiyeyajua atatibu mara moja, atashangilia, kisha baada ya wiki tatu atalia. Jike akishanyonya damu na kushiba humwacha nyoka, akatafuta pahali penye giza na unyevunyevu, akataga mayai yake huko: chini ya karatasi, nyuma ya bakuli, kwenye kona ya kifuniko. Katika maisha yake anaweza kutaga mayai 60 hadi 80. Mayai huanguliwa ndani ya siku chache, na kinachotoka ni mtoto mwenye miguu sita ambaye bado hanyonyi. Akijibadilisha hupata miguu minane, na ndipo humpanda nyoka na kunyonya kwa mara ya kwanza. Kisha hupita hatua nyingine asiyokula, na baada ya hapo huwa mdudu kamili. Kwa joto la kama nyuzi 25 hadi 30, mzunguko wote huchukua takriban wiki mbili hadi tatu. Maana yake ni kwamba siku yoyote ile wale unaowaona juu ya nyoka ni sehemu tu ya jeshi zima, na sehemu iliyobaki imo ndani ya kizimba, nyingine ikiwa katika hali ya yai ambalo dawa nyingi haziliui.

Watu huniambia kwamba ukame wa Dodoma utaumaliza utitiri wenyewe. Ni kweli kwamba hewa kavu humdhoofisha mdudu huyu, hususan akiwa mchanga, lakini kizimba si uwanja wa wazi. Kina bakuli la maji na maficho yenye unyevu tuliyomwekea nyoka ili aweze kujivua gamba vizuri, na palepale ndipo utitiri hupata hali ya hewa inayoupendeza.

Nilifanya haraka, na haraka hiyo nusura inigharimu. Nilikwenda duka moja la dawa za mifugo mjini, nikamweleza muuzaji kwamba nina mnyama mwenye utitiri. Alinipa chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye josho na kunielekeza nichanganye kizibo kimoja kwa lita moja ya maji, kisha nimchovye nyoka mzima mzima. Nilimuuliza kama amewahi kuitumia kwa nyoka, akanijibu kuwa mdudu ni mdudu. Nilipofika nyumbani nilisoma kibandiko cha chupa mara mbili: palikuwa na ng'ombe, mbuzi na kondoo, hapakuwa na neno lolote kuhusu mnyama atambaaye. Niliifunga chupa ile na kumpigia daktari wa mifugo ambaye amewahi kutibu wanyamapori, mama mmoja mtaratibu ambaye hujibu swali baada ya kuuliza matatu. La kwanza lilikuwa, "Nyoka wako ana uzito gani?" Sikuwa naujua. "Mpime kwanza, mwanangu, ndipo tuzungumze dawa."

Shaba alikuwa na gramu 240. Daktari alinifanyia hesabu ambayo kila mfugaji anapaswa kuiona kwa macho yake. Ivamektini, dawa inayouzwa kwa wingi kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi, huwa na miligramu 10 katika kila mililita moja. Kipimo kinachotumiwa na madaktari kwa nyoka ni miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Kwa hiyo Shaba alihitaji miligramu 0.048, ambayo ni chini ya mililita 0.005 ya dawa ile ilivyo kwenye chupa, kiasi ambacho hakuna bomba la sindano la kawaida linaloweza kukipima. Mtu akimdunga mililita moja, kama wanavyofanya kwa kondoo wa kilo 50, atakuwa amempa zaidi ya mara 200 ya kipimo chake. Wala haifai kuipunguza makali kwa maji ya bombani, kwa kuwa haiyeyuki vizuri ndani ya maji. Sindano moja inaweza kuwa maji matupu na inayofuata ikawa sumu. Ni lazima daktari aichanganye kwa kimiminika kinachofaa, tena ampime nyoka siku ileile. Jambo jingine alilolirudia mpaka nikalikariri ni kwamba ivamektini huua kobe. Mwenye kobe uani asiiache dawa hii karibu naye, wala asitumie chombo kilichobeba dawa hii kumnyweshea maji.

Kuna dawa nyingine ambazo watu huzikimbilia. Dawa ya mbu ya kupulizia ndiyo mbaya zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu ipo katika kila nyumba na mkono huifikia kabla ya akili. Nyingi kati yake hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya pareto, na wapo wanaojifariji kwamba pareto ni ua tu linalolimwa kule Iringa na Njombe. Ni ua kweli, lakini likishageuzwa dawa hushambulia mishipa ya fahamu, ya mdudu na ya nyoka mdogo pia. Dawa za aina ya pemetrini, ambayo ni kemikali ya jamii hiyohiyo ya pareto, zinaweza kutumiwa kwenye kizimba kitupu, kwa mchanganyiko hafifu ambao daktari ameuidhinisha, nyoka akiwa chumba kingine na bakuli la maji limeondolewa, na nyoka asirudishwe mpaka kila kitu kimekauka kabisa na harufu imeisha. Kuna wanaopaka mafuta ya kula mwili mzima ili kuziba pumzi ya wadudu. Tone moja kwenye ncha ya pamba chini ya kidevu linasaidia, lakini nyoka aliyelowa mafuta huokota kila uchafu na hubaki na utelezi kwa siku nyingi.

Siku ileile tulianza kazi. Nilimhamishia Shaba kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kilichotobolewa, chini nikatandika karatasi nyeupe isiyo na maandishi ili kila doa lionekane. Kila jioni kwa wiki ya kwanza nilimlowesha kwenye maji ya vuguvugu, yaliyofika nusu ya unene wa mwili wake na si zaidi, kwa dakika 20, huku nimekaa pembeni bila kunyanyuka. Maji huzamisha wengi, ila wajanja hukimbilia kichwani, kwa hiyo baada ya kumtoa nilimfuta kuanzia shingoni kwenda mkiani, na kichwa nikakisafisha kwa ncha ya pamba yenye unyevu, nikizunguka jicho bila kuligusa. Karatasi ilitolewa kila siku na kuchomwa moto nje. Chatu, ingawa hakuwa na dalili, alihamishiwa chumba kingine na kuhudumiwa kwanza, kabla ya Shaba, ili nguo na mikono yangu visimpelekee wadudu.

Kizimba chenyewe kilichukua siku nzima. Matandiko yote na lile sanduku la mbao niliyateketeza. Nilitamani kuliokoa sanduku kwa sababu lilikuwa la mninga, lakini mbao yenye nyufa haisafishiki. Bakuli na mawe vilichemshwa. Kizimba nilikisugua kwa maji ya moto na sabuni, nikapitisha ncha ya kisu kwenye kila kiungo, na hapo ndipo nilipoona, katika ufa wa bawaba ya mlango, mstari mweusi wa wadudu ukiwa umelala kama uzi. Baadaye nilikianika juani kutwa nzima kikiwa wazi. Jua la Oktoba, ambalo nilikuwa nalilalamikia, lilinifaa.

Daktari alimdunga Shaba mara mbili, siku 14 zikipita katikati, ili wale waliokuwa mayai wakati wa sindano ya kwanza wakutane na ya pili. Usiku wa sindano ya kwanza nililala kwenye mkeka karibu na ndoo. Nilikuwa nimeelezwa dalili za kuangalia: kutetemeka, kichwa kugeukia juu bila sababu, kushindwa kujigeuza akilazwa chali, kulegea. Ikiwa dawa ilikuwa ya kupaka au kupulizia na dalili hizo zikatokea, nyoka huoshwa mara moja kwa maji ya vuguvugu, hupelekwa penye hewa safi, kisha hupelekwa kwa daktari pamoja na chupa ya dawa yenyewe. Shaba alilala salama.

Kwa wiki mbili alikataa kula, na daktari alinizuia kumlazimisha. Nyoka aliyenyonywa damu kwa wingi huweza kuishiwa damu, na utitiri huu hushukiwa pia kusambaza maradhi kutoka nyoka mmoja hadi mwingine, ikiwamo bakteria wa Aeromonas. Ndiyo maana tulimchunguza kinywa kila wiki kuona kama ufizi umepauka au una ute mzito. Ufizi ulikuwa umepauka wiki ya kwanza, na wiki ya nne ulikuwa na wekundu mwepesi. Wiki hiyohiyo alimeza panya mdogo.

Doa la mwisho kwenye karatasi nililiona siku ya 19. Niliendelea na karatasi nyeupe hadi wiki ya sita ilipotimia, kwa kuwa mdudu aliyekomaa anaweza kuishi siku 40 hivi, na nilitaka kupita siku hizo zote. Tangu hapo kila mnyama au chombo kipya kikija kwangu hukaa chumba cha nyuma kwa miezi mitatu kabla ya kukaribia wengine, na chochote cha mbao sikipokei.

Mwanzoni mwa Desemba, mvua ya kwanza iliponyesha, macho ya Shaba yaligeuka rangi ya maziwa, na baada ya siku saba alijivua gamba zima bila kukatika. Nililipeleka dirishani na kulikunjua polepole, nikaangalia sehemu ya kidevu, kisha vile viduara viwili vyembamba vilivyofunika macho. Vyote viwili vilikuwepo, angavu kama kioo, na pembezoni mwake hapakuwa na kitu.