Siku Moja Gereji: Forester, Pampu na Nozeli

Saa 1:30 asubuhi nafungua geti la gereji, Tabata. Forester ya turbo imelala hapa tangu jana, na mwenyewe ameacha agizo: "Fundi, ongeza mafuta ikimbie." Petroli peke yake haileti nguvu. Injini ikikosa hewa ya ziada, mafuta ya ziada yanakupa moshi mweusi na plagi zenye masizi. Huyu kaka angalau ameshafunga turbo kubwa, kwa hiyo hewa anayo.

Saa 3. Tunachomoa soketi ya pampu ya mafuta, injini inaunguruma mpaka inazima yenyewe, presha inashuka. Ndipo bomba linalegezwa. Mtungi wa zimamoto uko karibu. Sigara, nje ya geti.

Saa 4. Pampu iko ndani ya tanki. Mteja kaleta ya kwake, boksi limeandikwa lita 255 kwa saa. Boksi siliamini. Naipima kwa presha ya baa 3, naelekeza bomba kwenye dumu: kwa sekunde 30 inatakiwa itoe lita mbili na kidogo. Imetoa lita moja na robo. Feki. Turbo ikianza kusukuma hewa, mafuta yangepungua palepale na pistoni zingepasuka. Nampigia simu, ananuna, anakubali nyingine.

Wali maharage, haraka.

Saa 8 pampu mpya imepita kipimo, ila umeme unaoifikia ni volti 11 tu. Nyaya za zamani ni nyembamba. Naifungia rilei, yaani swichi ya umeme, na waya mnene kutoka kwenye betri, na fyuzi yake. Kisha nozeli, zile zinazopuliza petroli kwenye injini: za 550, yaani cc 550 kwa dakika. Wapo wanaopandisha presha tu na kubaki na nozeli za zamani, lakini kutoka baa 3 hadi 4 unapata mafuta zaidi kwa kama asilimia 15 tu, huku pampu ikihema.

Saa 10, laptop. Kontroli boksi, kompyuta ya injini, isipoambiwa nozeli zimebadilika, itamwaga petroli kama maji. Gari likiwa silensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, nataka uwiano wa hewa kwa mafuta uwe 14.7, turbo ikisukuma, 11.5 hivi.

Saa 1 usiku, barabara tupu, gia ya tatu. Injini ikiwa juu kabisa, sensa ya uwiano huo inasoma 12.6: petroli haitoshi. Naachia pedali, naongeza petroli kwenye ramani ya mafuta kwenye laptop, narudia: 11.4. Taimingi, yaani muda wa plagi kuwasha, nairudisha nyuma kidogo, maana injini hii ilitengenezewa petroli ya Japani ya okteni karibu 100, na ya vituo vyetu haifiki huko.

Mteja anaulizia presha ya turbo: "Busti si inaweza kupanda kidogo, fundi?"

"Kaka, kwa petroli hii, busti ni hii."

Kalipa nusu. Nyingine Ijumaa, kasema.