Chogo 1,003 za Gwacheon

Seoul nilikwenda kikazi, na ya kazini hayana hadithi. Baridi, bei, basi. Siku ya mapumziko ndiyo nikapanda treni hadi Gwacheon, nje kidogo ya jiji, kwenye makumbusho ya taifa ya sanaa, kuuona mnara wa msanii Nam June Paik: televisheni 1,003 za chogo, zile nene zenye mgongo, zilizopangwa kwenda juu mita 18.5.

Nafika, mnara umezimwa! Mhudumu ananionyesha saa: mpaka mchana. Umri umeupata, huwashwa kwa muda mfupi tu. Hotelini hakuna aliyenitajia. Nikanunua kahawa won 6,000, pesa ambayo Forodhani, Zanzibar, ningekula urojo hadi nikinai.

Benchini alikuwapo mzee mmoja, naye akingoja. Akanimenyea chenza, akatoa simu ya kutafsiri, akanisimulia. Paik alizaliwa Seoul 1932, vita vya 1950 vikaitoa familia yao nchini, akasoma Japani, kisha muziki Ujerumani. Huko Wuppertal, 1963, akaonyesha televisheni alizozichokora mpaka picha zikapinda. Kwao hakurudi hadi 1984. Mwaka huohuo, Januari mosi, aliunganisha New York na Paris kwa setilaiti katika kipindi cha televisheni cha moja kwa moja, na mzee wangu huyu alikesha akitazama.

"Hatukuelewa kitu," simu ikatamka kwa Kiswahili cha kuchechemea, "lakini hatukulala."

Mnara ukawaka. Tukaupanda kwa njia inayouzunguka, rangi zikitukimbilia usoni. Ulijengwa 1988, ukazimwa 2018, ukarudi 2022. Chogo 737 zilitengenezwa au kubadilishwa kwa zilizokwishatumika. Ndogo 266 za juu zimewekewa skrini bapa, maana za aina ile hazitengenezwi tena. Mimi hizo za juu sikuzipenda. Zinang'aa kama meno ya bandia.

Kwetu Zanzibar televisheni ya rangi ilianza 1973. Bara walisubiri hadi miaka ya tisini. Ya ami yangu iliwekwa dirishani, mtaa mzima tukakaa barazani. Ilipoharibika, fundi aliifungua, akalehemu waya mbili, ikasema. Leo boksi lake wanalala njiwa.

Nikamwambia mzee mafundi hao bado wapo. Akauliza wanatoza kiasi gani. Nikamtajia, akapiga hesabu ya won, akacheka hadi mhudumu akageuka, akasema niwalete kumi.